Difu Isiyo Kufu na Injini Yetu

Jumatano, alasiri, 1955.

Mvua imekatika tangu adhuhuri. Jua limetoka kali na ardhi ya Pongwe inafuka mvuke. Nimekaa barazani kwa mpwa wangu Shaibu, daftari pajani, na hasira niliyonayo haijapoa tangu Jumamosi.

Jumamosi sikumzika dada yangu.

Naliandika neno hilo nilione vizuri. Gari lilikuwepo, barabara ilipitika, saa zilitosha, na sikumzika dada yangu Mwanaidi. Wala Shaibu, mwanawe wa pekee, hakumshusha mama yake kaburini.

Habari ilitufikia saa nne asubuhi, imeletwa na dereva wa lori: Mwanaidi amefariki alfajiri huko Moa, atazikwa baada ya sala ya alasiri. Nikaenda kununua sanda, ubani na mawardi. Shaibu akaja kunichukua Usagara na gari letu la shirika, langu na lake, lile dogo la kabla ya vita lenye kibanda cha mbao nyuma. Tukapanda watu sita, na magunia mawili ya mchele wa matanga. Safari ile tumeizoea, ni ya saa mbili na kidogo. Saa saba tulikuwa njiani.

Hadi Amboni tulikwenda kama tunateleza. Tulipovuka mto na kuanza kupanda, gari likatetemeka kama mgonjwa wa homa. Shaibu akarudi gia ya tatu, ya pili, ya kwanza, huku amekanyaga mafuta hadi mwisho. Likasimama. Tukashuka, tukasukuma, tukapanda. Kilima cha pili vile vile. Rejeta ikachemka tukangoja ipoe. Na kabla hatujafika nusu ya njia, petroli ikatuishia. Kipimo kile kile ambacho siku zote kilitupeleka Moa na kuturudisha.

Lori la mkonge lililosheheni likatupita polepole, injini yake ikipiga kelele lakini halikusita hata kidogo. Utingo akachungulia huku akicheka: "Wazee, gari hilo mnalipanda au mnalichunga?" Dereva wake alipoona ubani na sanda mkononi mwangu alimnyamazisha, akatupa nusu debe la petroli.

Ndipo nikamwuliza Shaibu, "Umelifanya nini gari hili?"

"Nimebadilisha meno ya difu, mjomba. Nilitaka lipunguze kula mafuta."

Nilimjibu mbele ya watu wote: "Fundi gani wewe! Afadhali mjinga, maana mjinga huogopa kugusa asichokijua." Mama yake alikuwa amelala akingoja, nami namwambia maneno hayo.

Tulipofika Moa tuliwakuta watu wakirudi makaburini, majembe mabegani. Walitungoja kadiri walivyoweza, lakini maiti hawekwi. Hata sanda yetu haikusubiriwa. Jirani yake, Bi Kibibi, mwanamke mkongwe, alitoa sanda aliyojiwekea mwenyewe sandukuni, na ndiyo aliyozikwa nayo dada yangu.

Nieleze basi kosa lenyewe. Kueleza ndiyo kazi niliyoifanya darasani maisha yangu yote, na hasira yangu haijui njia nyingine ya kutoka.

Difu ni yale meno yaliyo katikati ya magurudumu ya nyuma. Hayo ndiyo yanayoamua injini izunguke mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja. Katika gari letu, kwenye gia ya juu kabisa, injini huzunguka mara tano na nusu. Shaibu aliokota difu ya gari lililopinduka, aina ile ile lakini la injini kubwa zaidi, ambalo kwalo mara nne na nusu zatosha. Ganda ni moja, meno yakaingia bila shida. Akawaza: injini ikizunguka kidogo, itakunywa kidogo.

Na mjini ilikuwa kweli! Wiki mbili nzima gari lilipozunguka kwenye tambarare, tupu, halikuzidi kunywa, bali lilipunguza. Nilipima mwenyewe kwa chelewa, njiti ya ufagio niliyoitia alama, naichomeka tangini kila jioni. Nikafurahi. Sikuuliza sababu.

Lakini injini ndogo haina nguvu ikizunguka polepole. Nguvu yake yote imo katika kuzunguka upesi. Mtwike mtu mfupi gunia la nazi, kisha umlazimishe apande mlima kwa hatua za mtu mrefu. Atapiga hatua chache, ni kweli, lakini kila hatua itamtoa roho. Gari nalo ni hivyo. Dereva hukanyaga mafuta hadi mwisho, kabureta humwaga petroli isiyoungua yote, na bado gari haliendi. Hurudi gia ya chini na kukesha humo njia nzima. Meno yale kwa injini kubwa ni uchumi, kwa yetu ni hasara. Tukiposa huwa tunauliza kama wawili hao ni kufu, yaani wanalingana. Injini na difu navyo viulizwe hivyo hivyo. Halafu kiulizwe pia kitu cha tatu: ndoa hiyo itaishi wapi, tambarare au mlimani, na itabeba watu wangapi?

Hilo ndilo somo kamili. Ni jepesi. Mtoto wa darasa la nne angelielewa.

Jana tulirudi wawili tu, mimi na Shaibu, gari jepesi. Karibu na Amboni Shaibu akasema, macho yake barabarani: "Mjomba, si wewe uliyetufundisha kwamba injini ikizunguka taratibu hula kidogo?"

Nilikasirika zaidi kuliko Jumamosi. Nilikasirika kwa sababu ni kweli.

Ilikuwa barazani kwangu Usagara, kabla ya mwezi huu kuandama. Nilikuwa nawaeleza vijana kwa mfano wa baiskeli, meno makubwa mbele na madogo nyuma, na Shaibu alikuwa amekaa karibu yangu kabisa. Nikafika katikati. Adhana ya magharibi ikaita, tukaenda kusali. Tuliporudi mmoja akasema, "Mwalimu ana elimu ya kila kitu," wengine wakaitikia. Nikaketi nikaanza habari nyingine. Sifa zilinitosha. Nusu ya pili ya somo, ile ya mizigo na milima, nikaiacha msikitini pamoja na viatu vya watu.

Nimewachapa watoto kwa kuleta hesabu nusu.

Na bado nilimwita mpwa wangu mjinga, barabarani, siku ya msiba wa mamake. Yeye alitenda kwa uaminifu kile alichofundishwa. Nani basi alimchelewesha?

Juzi baada ya hitima nilimpelekea Bi Kibibi sanda yetu, ichukue nafasi ya ile aliyotoa. Akaikataa kwa mikono miwili.

"Rudini nayo kwa gari hilo hilo," akasema. "Siku mtakapolifundisha kupanda mlima, nileteeni. Mimi sina haraka, Mwalimu. Wenye haraka ni nyinyi, na hamfiki."

Wanawake waliokuwepo wakacheka, wakafunika midomo kwa kanga. Nilitamani kukasirika. Nikashindwa.

Sasa hivi Shaibu yuko uani chini ya gari. Anairudisha difu ya zamani, ambayo aliiweka chini ya meza yake ya kazi, imefungwa gunia na kupakwa grisi. Fundi mjinga hatunzi kitu hivyo. Leo asubuhi aliniambia, "Shikamoo, mjomba," kama mtu anayefunga mlango taratibu.

Nimekaa hapa saa nzima nikijifanya naandika ili nisishuke uani. Nimeshapanga nusu ya pili ya somo: injini, meno, mzigo, mlima. Lakini kuna sentensi ya kutangulia, nayo katika miaka yote ya chaki sikumwambia mwanafunzi hata mmoja: Niliyekosea ni mimi.

Kisha nitamwomba anipeleke Moa keshokutwa, sanda hii ikiwa pajani mwangu, na kila kilima nitakihesabu.

Spana imenyamaza. Nasikia maji, ananawa mikono. Naweka kalamu, nashuka.