Uje na Mtu Wako

Jumatatu, 4 Machi
Nimekwenda kwa daktari. Binti mdogo, sawa na mjukuu wangu. Anasema nina vidonda vya tumbo. Asidi, anasema. Ananifundisha asidi mimi, fundi betri, niliyeishika hadi suruali zikatoboka! Nikamuuliza imeingiaje tumboni. Anasema tumbo huitengeneza lenyewe, ya kusagia chakula, na lina utando wa kujikinga. Utando wangu umechubuka, huenda ni bakteria. Akauliza kama kuna dawa nyingine natumia. Nikasema mimi sina ugonjwa mwingine. Kanipa vidonge vya kupunguza asidi, nimeze kabla ya chai. Jumanne ya wiki ijayo watanipitisha mpira wenye kamera kooni. Nisile kitu kuanzia usiku. Na uje na mtu wako, anasema.

Mtu wa nini? Mimi si mtoto.

Jumatano, 6 Machi
Utando nimeuelewa. Ni kama kitenganishi ndani ya betri. Kikitoboka, betri imekwisha. Nimeieleza redio, maana hapakuwa na mwingine. Tumbo linaungua. Goti nalo. Nimetafuna vidonge viwili vya goti.

Ijumaa, 8 Machi
Nimempigia mwanangu. Yuko kazini, atapiga.

Hajapiga. Marehemu mke wangu angekuja hata bila kuitwa. Fundi mwenzangu tuligombana, kisha akafa — ndiyo tabia yake. Mshonaji wa chumba cha pili nilimwambia cherehani yake ina kelele kuliko karakana. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa kukohoa.

Jumapili, 10 Machi
Mwanangu kapiga. Baba, wiki hii sitoki, tafuta hata jirani. Nikamwambia watu ninao tele, nashindwa kuchagua tu. Akacheka. Kafurahi kweli.

Jumatatu, 11 Machi
Choo cheusi, kinanata kama lami. Daktari alisema nikiona hivyo niende siku hiyohiyo. Niliposimama ukuta ukazunguka.

Nikagonga kwa mshonaji. Nikasema nimekuja kuuliza saa. Akasema, mzee, mbona umepauka hivyo? Nikamweleza. Akauliza kama daktari anavijua vile vidonge ninavyovitafuna kila jioni pale mlangoni. Nikasema vile si dawa, ni vya goti. "Ni njugu basi? Ndivyo vinavyokuchuna tumbo, baba!" Akafunika cherehani.

Tuko hospitali, kwenye benchi. Naandikia pajani, mwandiko umekuwa wa kuku. Habari za goti kazisema yeye kabla sijafungua mdomo. Nesi akamuuliza, mama, huyu mzee ni nani wako? Jirani. Nesi anasema nitaongezewa damu, wanataka ndugu wa kutia sahihi. Mshonaji akajikohoza. Basi andika kaka yangu, akasema.

Kwetu nilizaliwa peke yangu.

Nesi kanigeukia. Eti mzee, ni kweli? Na mshonaji naye ananitazama. Ngoja niweke kalamu, niwajibu.