Siku Waume Zetu Walipoonekana kwenye Televisheni

Gaithersburg, Jumapili asubuhi

Njeri wangu,

Mwenzangu, nina mengi mpaka sijui nishike lipi. Ngoja nianze na kubwa lao: Mwangi wako na Salim wangu wanaongea. Tena si kuongea kwa kusalimiana. Wanapigiana kelele kwenye simu kama zamani, na jana mumeo alikula pilau kwangu hadi akalegeza mkanda, kisha akaomba nyingine ya kubeba. Nikasema hili siwezi kukaa nalo. Nani mwingine nimwambie, kama si wewe uliyelitamani mpaka ukaondoka nalo moyoni?

Unakumbuka tulipohamia hapa, mlango wenu unatazama wetu, na eneo la kuegesha magari katikati. Ndani ya wiki moja waume zetu walikwisha kujuana na kupishana. Katika vile vyama viwili vikubwa vya hapa, Mwangi akawa mtu wa chama cha tembo, Salim wa chama cha punda. Mwangi, Mkenya wako, akisema "ndovu", na Salim akimjibu kuwa heri aseme hivyohivyo, maana kwetu Tanga tembo lingine hunywewa. Mabishano yao yalikuwa burudani yetu. Mimi na wewe tunakata vitunguu, wao wanaikata Marekani vipande vipande sebuleni, kisha chakula kikiiva wanakula kimya kama watoto waliotoka kuogelea.

Wewe hukuwa wa tembo wala wa punda. Ulijiandikisha bila chama, ukawa unalalamika kila mwaka vyama vinapochuja wagombea wao kwamba jimbo letu la Maryland linakunyima kuchagua kwa sababu umekataa kuvaa jezi. "Hawa wanasiasa wote wananijua mwaka wa kura tu," ulikuwa ukisema. Na kweli. Ijumaa wanakuja msikitini kwetu, Jumapili kanisani kwenu, wanasema "jambo" kwa sauti ya juu kana kwamba sisi ni viziwi, wanakula chapati, wanapiga picha na mtoto aliyevaa kitenge, halafu tunawaona tena miaka miwili baadaye, chapati zikiwa zimewatoka kichwani.

Na ulivyokuwa ukiongea na televisheni! Mtangazaji anauliza swali la kijinga, unamjibu kwa Kikuyu. Kazini kwako, kwenye ile nyumba ya wazee kule Rockville, nusu ya wazee walitaka chaneli moja na nusu nyingine, na walikuwa wanatukanana wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Ukaificha rimoti kwenye mfuko wa sare ukawawekea kipindi cha mapishi. Mkuu wako alipouliza, ukamwambia, "Sijaona mzee akipandisha presha kwa sababu ya keki." Bado nacheka.

Halafu ukaja mwaka ule serikali ilipoanza kukata mikataba. Salim alikuwa na kazi yake ya kompyuta kule Laurel, kampuni iliyofanya kazi za serikali. Siku aliyopewa barua ya kuachishwa kazi alikuja moja kwa moja kwenu, kwa sababu mimi nilikuwa zamu hospitalini na hakutaka kukaa peke yake. Hakuwa amesema neno bado. Umemmiminia chai, Mwangi ameketi mbele ya chaneli yake, na wachambuzi wake wanashangilia kwamba mafuta yamepunguzwa mwilini mwa serikali. Mwangi naye, bila kujua, akadakia: "Hao waliofutwa ni wale walikuwa wanalala kazini, bana."

Salim akaweka kikombe chini. "Asante kwa chai, shemeji," akakwambia wewe. Akatoka.

Uliponisimulia ulikuwa unalia. Mwangi alipojua, aliona aibu, na aibu ya mumeo unaijua: inavaa koti la ukali. Badala ya kuvuka ile sehemu ya magari aseme samahani, akaanza kujitetea kwa maneno ya wale wachambuzi. Salim naye akajifungia na chaneli yake, ambako kila mpiga kura wa tembo ni mtu asiye na moyo. Ulijaribu, Njeri. Ulipika, ulituma watu, ulimkalisha Mwangi kitandani mwako ulipokuwa huwezi tena kusimama, ukamwambia, "Nenda kwa Salim." Akasema ataenda. Siku tunakuzika, Salim alishika jeneza lako upande wa kulia, Mwangi akiwa kushoto. Wakapeana mkono makaburini, kila mmoja akitazama viatu vyake. Basi, wakarudi kila mtu nyumbani kwake.

Majira ya joto yalipoingia tukafungua madirisha, na hapo ndipo nilipopata elimu. Nikitoka kazini nikisimama kati ya magari yetu, sikio la kushoto linasikia televisheni ya Mwangi, la kulia ya Salim. Huku wanasema nchi inaibiwa, kule wanasema imekwisha kuuzwa. Huku watu sita wamejipanga kwenye visanduku wakifokeana, kule sita wengine. Utepe mwekundu wa habari za dharura unapita pande zote mbili tangu asubuhi hadi jioni, hata siku ambayo dharura yenyewe ni kwamba seneta mmoja amemjibu mwenzake vibaya. Na ikifika saa ya matangazo, pande zote mbili wanauza dawa ileile ya kiungulia! Nikajisemea, kumbe hawa jamaa wanajua wanachotufanyia tumboni.

Mimi si mtu wa kusema vyama vyote ni sawa. Nina chama changu, na unakijua. Kura inabeba mkate wa watu. Salim alikaa bila kazi miezi, najua. Lakini kupiga kura ni jambo moja, na kukodisha sebule yako kwa watu wanaolipwa ili ukasirike ni jambo jingine. Waume zetu walikuwa wamepangisha, Njeri. Na wapangaji hawakutaka kutoka.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Tulifanya ile pikiniki yetu bustanini, Wakenya, Watanzania na wale Wakongo wa kanisa la jirani wenye spika kubwa. Nyama ipo motoni, kachumbari ipo, watoto wanafukuzana. Akatokea kijana mwandishi na mpiga picha wake, kutoka kituo kidogo cha hapa. Alitaka kusikia wahamiaji wanasema nini kuhusu uchaguzi. Watu wakaanza kutafuta kazi za kufanya mbali na kamera. Waliobaki ni wawili, unawajua, maana hakuna aliyekuwa radhi mwenzake aonekane peke yake.

Mwangi aliongea mpaka nyama ikapoa. Akaeleza kuhusu shule, kuhusu bei ya dawa zako ulipokuwa unaumwa, jinsi alivyokuwa akibishana na bima huku wewe unatapika. Akamwambia yule kijana kwamba hilo hakuna chama kilichomjibu, hata chake. Mwisho akaulizwa anajisikiaje kila asubuhi akielekea kazini. Akasema: "Nina hasira! Hii foleni ya barabara ya 270 itaniua!"

Salim naye akaeleza yake. Kazi iliyopotea, na ile mpya aliyoipata kwenye kampuni ya dawa hapahapa Gaithersburg, na jinsi asivyotaka mtu amwonee huruma. Alipokuwa anamalizia, yakaja yale mabata bukini ya bustanini, makubwa, shingo ndefu, yamenusa chapati. Unajua Salim na bata. Akaruka nyuma ya mpiga picha akisema, "Samahani, naogopa, naogopa sana!" Watoto wakacheka, na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini.

Siku chache baadaye vituo vikubwa viwili vikachukua vile vipande. Chaneli anayoipenda Salim ikamwonyesha Mwangi akisema "Nina hasira!" na hakuna barabara, hakuna dawa, hakuna wewe. Wachambuzi wakakuna ndevu: huyo ndiye mpiga kura wa tembo, hasira imempofusha. Na chaneli ya Mwangi ikamwonyesha Salim: "Naogopa, naogopa sana!" bila hata unyoya wa bata. Wakamcheka. Watu wa punda ni waoga, wakasema, ona huyu.

Sasa haya niliyapata kwa binti yenu Wambui, aliyekuwa amerudi kutoka chuoni. Anasema baba yake alikuwa kwenye kochi na sahani mapajani. Alipomwona Salim kwenye kioo aliacha kutafuna. Wale wachambuzi walipoanza kucheka, mumeo akasimama, kitambaa cha mkono kikaanguka, akainyooshea televisheni kidole kama ulivyokuwa ukifanya wewe. "Mwoga nani? Huyo ni Salim! Huyo amembeba mke wangu! Mjinga wewe, huyo si mwoga!"

Akatoka na kandambili, rimoti bado mkononi.

Mimi ndiye niliyemfungulia. Nilidhani kuna msiba. Akanipita akiniambia, "Samahani, Mama Shani," akaenda kusimama mbele ya Salim.

"Salim, wewe ulisema unaogopa nini?"

Salim akamtazama. "Bata."

"Nilijua!" Mwangi akasema. "Nilikuwa hapo, nilikuona! Wanasema eti unaogopa mabadiliko!"

Salim akasema, "Na wewe wamesema hasira imekupofusha. Nimeona jana. Nikawaambia hapa ndani, ni 270 hiyo, jamani. Muulize Zuhura hapa."

Na ni kweli, alisema. Jana yake, peke yake, akibishana na kioo. Nilikuwa jikoni nikadhani anaongea na simu.

Njeri, walianza kucheka taratibu, mabega tu yakitikisika, halafu Mwangi akaiga shingo ya bata na mambo yakaharibika. Salim alishika ukuta. Mumeo alicheka mpaka kile kicheko kikageuka kilio, akafuta macho kwa mkono ulioshika ile rimoti, akasema, "Ndugu yangu, wewe hukuwahi kulala kazini. Nilijua hata siku ile nilipokuwa nasema. Nisamehe."

Salim akamwambia, "Keti bwana, chai ipo."

Ndiyo hivyo tu. Miezi yote ile, tukaimaliza kwa chai ya tangawizi.

Hawajabadilisha vyama, usije ukafurahi kupita kiasi. Ila Mwangi amehamishia televisheni chumba cha chini, kwenye baridi, na mtu akitaka hasira anashuka ngazi kuifuata. Salim wangu anasoma magazeti ya pande zote mbili na kulalamika kuhusu yote mawili, jambo ambalo naona ni maendeleo.

Na bado hujasikia la mwisho. Sheria ya hapa inataka kila kituo cha kura kiwe na wasimamizi wa vyama vyote viwili. Nikawaambia, kwa utani tu, nyinyi mnafaa, tembo mmoja na punda mmoja. Wakajiandikisha! Wakaenda mafunzoni wamebeba sandwichi. Siku ya uchaguzi waliketi pamoja kwenye ukumbi wa shule, mashati yamepigwa pasi, na sheria ikiwakataza kutaja siasa hata kidogo. Tangu alfajiri hadi milango ilipofungwa hawakuwa na la kuongea ila magoti yanayouma, mashamba ya nyumbani, watoto, na wewe. Salim anasema hajawahi kumjua Mwangi vizuri kama siku ile.

Mchana Wambui akaja. Kura yake ya kwanza. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, kwa hiyo hili nimeliona mwenyewe. Baba yake akanyoosha shati, akamuuliza kwa sauti ya kazi, "Jina lako tafadhali?" kana kwamba si yeye aliyempa. Akalitaja. "Anwani?" Akaitaja, nyumba yenu. "Siku na mwezi wa kuzaliwa?" Mwangi akapata shida kidogo kuliona jina kwenye mashine, ikabidi apanguse miwani. Kisha Salim akamkabidhi karatasi ya kura kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mtoto mchanga. Binti yako akaenda kwenye kibanda, mgongo umenyooka, na sisi watatu tukawa tunatazama mahali pengine kwa nguvu zetu zote.

Ana ile shingo yako, Njeri. Na anavyoinamisha kichwa akifikiri.

Jana nilipika kwa ajili yake, ndiyo hiyo pilau niliyokutajia. Waume zetu walivumilia hadi sahani zikawa tupu, wakashindwa. "Wambui, mwanangu," Mwangi akaanza, "si lazima utuambie, lakini umechagua nani?" Salim akadakia kwamba yeye kama baba mdogo ana haki ya kujua kabla ya wengine. Wambui akafuta mdomo polepole, akawatazama mmoja baada ya mwingine, na kwa kile Kiswahili chake cha kutafutatafuta akasema, "Muulizeni Mum."

Mumeo akapiga meza, akacheka kama sijamsikia tangu ulipoondoka, na sote tukamfuata.

Basi lala kwa amani, rafiki yangu. Nakuahidi hawa wawili watakula meza moja maadamu mimi nina sufuria na pumzi, na binti yako hatakosa mtu wa kukaa nyuma yake kwenye foleni. Nami sitamuuliza. Ila kama alipita makaburini akakunong'oneza, na namjua atakuwa amepita, nakuomba, Njeri, usiwaambie.

Wako,
Zuhura