Kurasa Tisa Zilizobaki

Mama,

Leo nimemaliza kile kitabu cha Kiingereza. Nilikuwa sitaki. Tangu ulipolazwa zilibaki kurasa tisa, na niliogopa kwamba nikizisoma, basi na wewe utakuwa umekwisha kweli. Lakini Dada Rehema, yule mwanafunzi aliyetuazima, anarudi Dodoma Jumamosi, na alisema atapita leo jioni kukichukua.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikisoma? Wewe unafunga marobota ya viatu vya soko la Zhanxi, hapa ugenini, vya kusafirishwa nyumbani kwa wateja, mimi nasoma sentensi kwa Kiingereza kisha naisema kwa Kiswahili. Ukihisi nimeruka kitu, unagonga sakafu kwa mkasi. Humo kitabuni bibi tajiri wa kijiji amewekewa sumu kwenye chai, na kila jirani ana sababu. Wewe ulimshuku daktari. Ulimshuku mpaka siku moja ukaandika DAKTARI juu ya robota badala ya jina la mteja wetu Mama Happi, na kule Mwanza wakampelekea daktari wa mtaa viatu vya kike gunia zima! Mama Happi alipopiga simu kulalamika, ulicheka hadi ukakaa chini.

Mimi nilipomtaja mpiga kinanda wa kanisa, ulikasirika. "Mtu wa kwaya? Mwanangu, usinichokoze."

Hata ulipougua hukuacha. Akina mama wa ghorofa yetu walipokuletea uji, uliwaambia, "Onjeni nyinyi kwanza." Wakaonja mmoja mmoja, wakicheka huku wanafuta machozi.

Basi leo nikitoka shule nilikaa pale ulipokuwa ukikaa, nikasoma kwa sauti. Baba alikuwa anafunga mzigo, kimya, kama anavyokuwa siku hizi. Ukurasa wa nne mikono yake ikasimama. Wa saba akauliza, "Kwa hiyo daktari hakufanya?"

Mama, kumbe siku zote alikuwa anatusikiliza.

Ni mpiga kinanda. Samahani, Mama. Nilitamani ungekuwepo ukatae. Baba amekataa kwa niaba yako: eti mwandishi amemwonea, ushahidi hautoshi, daktari yule ana macho ya wizi. Tumebishana mpaka wali ukapoa. Tangu tukuzike, ndiyo mara ya kwanza tumekula tukiongea.

Dada Rehema amekuja, amechukua kitabu chake, ametuachia kingine, kinene zaidi.

Pumzika, Mama yangu. Nakuahidi, Baba sitamwacha ale kimya tena.

Mwanao,
Neema