Hita ya Kioo cha Nyuma

Baba Shamsa,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, ila mvua haituachi. Jangwani pamejaa maji tena. Gari nimelipeleka gereji kule Gerezani kwa fundi Elisaria, maana hita ya kioo cha nyuma haikaushi ukungu katikati. Akapima nyaya za kwenye kioo kwa taa ya kupimia umeme, ikazimika pale ulipobandua stika ya jina la mwanetu kwa wembe, tulipotoka kumzika.

"Mama, wembe umezikata. Niziunge?"

Nikamkatalia. Usinune. Ulitaka nisilione tena jina lake, lakini mvua ikinyesha kioo chote kinakauka, ukungu unabaki pale tu, na kwenye alama za gundi ya stika zilizobaki linasomeka lote.

Nikifika nyumbani sishuki garini mpaka mvua ikatike.

Wako,
Mama Shamsa