Vitanda Nyuma ya Darasa la Pili

Jumapili. Mvua imekata tangu mchana, lakini mawingu yameng'ang'ania milima ya Kilosa kama mgeni asiyejua kuaga. Sina raha.

Ijumaa binti yangu Neema alirudi na matope mgongo mzima. Nikamfokea. Akasema walikuwa wanacheza vitanda.

Mimi ni mwalimu wa shule hiyohiyo, vitanda navijua. Nyuma ya darasa la pili kuna vibonde vilivyopangana, kila kimoja urefu wa mtu. Watoto hugombea kulala humo kwa namba: "Toka, hiyo namba yangu!" Miaka yote nimekuwa nikiwacheka tu.

Bibi yangu mzaa mama, tunayeishi naye, hakucheka. Aliweka ungo chini.

"Vichwa mnaelekeza wapi, mjukuu wangu?"

"Kwenye reli, Bibi. Ndivyo vilivyokaa."

Shule yetu imejengwa palipokuwa kambi ya shamba la mkonge, enzi za Mwingereza. Hilo tunalifundisha. Tunafundisha hata neno manamba, wale vibarua walioletwa kutoka mbali wakaitwa kwa namba badala ya majina. Walikozikwa hatufundishi. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Baba yake Bibi alikuwa manamba. Alifia kambini Bibi akiwa mdogo, na kaburi hakuonyeshwa. Mama yake alimwambia jambo moja tu: vibarua wenzake walimlaza baba kichwa kikielekea reli, kwa kuwa ndiyo iliyomleta na ndiyo ingemrudisha kwao.

Naogopa. Acha niseme wazi.

Kesho ni msaragambo. Wazazi wanakuja na majembe kuchimba shimo la choo, na kigingi kimepigwa katikati ya vitanda. Choo cha zamani kimetitia, watoto wanajisaidia vichakani. Leo nilimfuata mwalimu mkuu nyumbani kwake nikamweleza. Hakunibeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, eneo lililobaki ni hilo. Tuchimbe wapi?"

Nimerudi nyumbani nimenywea.

Jioni hii Bibi ameanika kaniki yake ya msibani na kuniomba nimpeleke shuleni asubuhi. Neema, ambaye hajui kinachotusumbua, akamuuliza Bibi, huyo baba yake alikuwa namba ngapi. Bibi akamtajia.

"Hicho ndicho kitanda changu," Neema akasema.

Bibi akamvuta karibu.

Choo tutakihangaikia. Kesho kukipambazuka nitakuwa nimesimama kwenye kile kigingi, mimi na Bibi, kabla jembe la kwanza halijafika.