Besi Wanyamaze

Jumanne, 17 Machi

Chumba cha kufulia cha jengo letu tena. Saa moja jioni mpaka saa tatu usiku ni zamu yetu, kwa hiyo nguo za mama zinazunguka na mimi narekodi kwenye simu. Vigae vinarudisha sauti kama kanisa kubwa. Mashine ikianza kukamua nanyamaza, ikimaliza naendelea. Sauti ya kwanza nimeibana kooni. Ya pili, ya tatu, besi mwisho. Zote mimi. Mtaa wetu wote wa Hjulsta, huku Uswidi, hakuna kwaya ya mtu mmoja kama hii. Jirani alifungua mlango, akanikuta naiimbia mashine "kaburi li wazi", akafunga.

Wimbo wa Pasaka umekwisha. Mzuri. Sisemi kwa kuringa.

Sawa, naringa.

Jumamosi, 21 Machi

Mazoezi Spånga, ukumbi wa kuazima kwa Waswidi. Mwalimu Festo, anayeongoza kwaya yetu tangu sijazaliwa, aliusikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Nota ziko wapi?"

Sina. Sizijui. Shule niliiacha katikati, na hata huko hakuna aliyenifundisha do re mi za kuandika kwa herufi. Akasema wimbo usio na karatasi haufiki madhabahuni. Halafu akaja kwenye besi. Kwa nini wananyamaza palepale penye "kaburi li wazi"? Nikamwambia, kaburi tupu, mwalimu, na huko chini pawe patupu. Akasema Pasaka ni sikukuu, besi hawaendi likizo. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nimepewa wiki. Nilete nota, na besi waimbe. La sivyo tunaimba ule wa mwaka jana. Ule wa kulaza watoto.

Nota nitaona. Besi sibadilishi. Anifukuze akitaka.

Jumatatu, 23 Machi

Nimewatumia wote rekodi, kila mtu sauti yake. Isipokuwa mwalimu. Mama Keza, Mrundi wetu wa sauti ya pili, amenijibu alipofika kazini: "We mtoto, utaniponza! Nimeimba kwa sauti kwenye treni mpaka abiria wamenihama."

Roho yangu kwatu.

Alhamisi, 26 Machi

Nimeandika nota. Yaani nimeandika herufi. d, m, s, tena s, nukta mbili hapa, mstari pale. Nimetazama karatasi za zamani nikaiga sura. Inapendeza kweli. Nakala ishirini, maktaba. Wanakwaya wanaujua wimbo kwa masikio, mwalimu anataka karatasi. Kila mtu atashiba.

Jumamosi, 28 Machi

Aibu na ushindi. Sijui kipi kimezidi.

Niligawa karatasi. Wakazishika, wakakunja nyuso kama maprofesa, wakaimba. Wakaimba, jamani! Walipofika kaburini besi wakakata, na ukumbi ukawa kama umetolewa sakafu. Nywele zilinisimama.

Mwalimu akanyoosha mkono. Tukakoma. Akainua karatasi, akaimba kilichoandikwa. Paka aliyebanwa na mlango. Akatutazama mmoja mmoja. "Kumbe hakuna hata mmoja anayesoma."

Miaka yote anawagawia nota, wao wanafuata mdomo wake. Mimi nilidhani mjinga ni mimi peke yangu!

Mama Keza akasema, "Tusamehe, mwalimu. Lakini wimbo wa huyu mtoto usiutoe." Mwalimu alivaa koti, akaondoka kabla ya sala ya kufunga. Hajawahi.

Nilitaka kucheka. Kicheko hakikutoka.

Jumatatu, 30 Machi

Amenipigia simu, niende kwake Tumba. Nimekwenda nimejiandaa kwa vita. Nimekuta chai na maandazi ya mkewe, na mwalimu ana kalamu. "Imba. Sauti moja moja."

Nikaimba, akaandika. Saa tatu nzima. Tulipofika kaburini akaweka kalamu chini. "Hapa besi je?"

"Wananyamaza."

"Hata sauti moja ya chini, kidogo tu?"

"Hapana, mwalimu."

"Kiburi hiki umekitoa wapi, dogo?"

"Kwenye kwaya yako, shikamoo."

Mkewe akacheka jikoni. Mwalimu hakucheka. Akaandika kitu, akageuza ukurasa. Sikuweza kusoma ni nini. Nimerudi na treni nikiwa na hasira. Akiwawekea besi sauti, siku ya Pasaka nasimama mbele ya watu nawanyamazisha mwenyewe.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Umeimbwa.

Kabla ya kaburi, mwalimu aliwageukia besi akafumba ngumi. Wakanyamaza. Kanisa zima likasikia pale patupu.

Sasa mama kasinzia kwenye kochi na gauni lake la kanisa. Karatasi iko mezani. Juu pameandikwa mtunzi, na jina langu. Mstari wa besi, kwenye kaburi, ameacha nafasi nyeupe. Basi hivyo ndivyo kimya kinavyoandikwa.

Kwingine bado sisomi. Nimeanza sauti ya kwanza, kidole juu ya herufi. d ni do. Siyo kwamba nimeshindwa. Nataka kuhakikisha hajanibadilishia kitu mahali pengine.