Bibi, Salamu Zako Nilizikata

Bibi yangu wa Simbo,

Shikamoo. Najua haitoshi. Shikamoo wewe uliiita salamu ya watu wanaokimbilia basi. Yako ilikuwa ya Kiha: unainama kidogo, viganja vinakutana polepole, "mwakeye," halafu unangoja mwenzako naye apige makofi na kuitikia. Hapo ndipo mnaanza kuulizana mmelalaje, watoto, mihogo, yule jirani anayeumwa mguu, mvua. Mtu aliyetaja shida yake kabla ya hayo, kwako alikuwa sawa na mgeni aliyepita sebuleni akaenda kukaa kitandani.

Nakukumbuka nikiwa darasa la nne, nakusomea kitabu cha hadithi nilichoazima shuleni huku wewe ukichambua maharage. Kila mtu wa kwenye hadithi alipoingia nyumbani kwa mwenzake na kuanza kuongea, ulinisimamisha.

"Hawakusalimiana?"

"Haijaandikwa, Bibi."

"Basi rudi, uwasalimishe."

Nikawa natunga salamu kichwani mwangu, na kitabu chembamba kile kikatuchukua muda mrefu kuliko msahafu. Mwishoni ulisema mwandishi huyo anajua mambo mengi lakini hakulelewa. Nilicheka mpaka ukanirushia maganda.

Siku hizi vitabu sisomi, navisikiliza. Nipo hapa Bangwe, chumba kinatazama ziwa, nami nimeziba masikio kwa vispika, naosha vyombo huku msomaji nimemkimbiza hadi anaongea kama dalali wa mnadani. Kitabu kikinichosha naiambia simu inipe muhtasari, kisha naenda kuwaambia watu nimekisoma. Hata mkate wangu unatoka humohumo: naandika programu, na kazi yangu kubwa ni kuhakikisha mtu hangoji. Ukurasa ukichelewa kufunguka, mimi ndiye natafutwa. Nimefanya hivyo hadi nikaamini kwamba kungoja kokote ni hitilafu.

Kwa akili hiyohiyo nilikuletea simu ya kupangusa. Mara ya kwanza nilipokupigia kwa video niliona nusu ya uso wako, kisha bati la nyumba, kisha giza. Ulikuwa umeilaza simu mapajani.

"Bibi, ishike nikuone."

"Mume wangu, nitakusalimuje nimeshika kitu mkononi?"

Nilikata simu nikidhani mtandao ndio unaosumbua, maana sikuwa na subira ya kuusikiliza mtandao wala wewe. Tukahamia kwenye jumbe za sauti. Ulijifunza haraka kukifunga kile kitufe cha kurekodi ili simu ikae juu ya kigoda na mikono yako ibaki huru. Ulipiga makofi, ukasema mwakeye, halafu ukanyamaza. Ulinyamaza kwa kiasi kilekile ambacho mimi ningehitaji kuitikia. Ulijua fika kwamba sipo hapo, ila ulikataa kuyafunika maneno yangu kwa yako. Ukauliza nimelalaje, ukanyamaza tena. Ukauliza kazi, ukanyamaza, ukazifunga salamu kwa makofi mengine. Jambo lenyewe lilikuja mwisho kabisa, kwa sauti ya chini: "Mume wangu, chumvi imekwisha."

Nami nilikuwa nausogeza ujumbe mbele kwa kidole hadi kwenye chumvi. Kutoka Bangwe hadi Simbo ni safari ya pikipiki tu, Bibi, mtu anakwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nilikuja Krismasi na kwenye misiba.

Simu yangu ilipojaa nilijiona mwerevu. Niliandika programu ndogo ya kuhifadhi jumbe zako kwenye kompyuta: iondoe kelele, ifute kimya, na ianzie baada ya makofi ya mwisho, kwa kuwa salamu zote niliziona ni zilezile. Jumbe zenyewe nikazifuta. Kwenye simu yako pia niliweka zijifute zikishanifikia, isije ikajaa ukashindwa kunitumia. Programu ilifanya kazi vizuri, haikuwa na kosa hata moja. Nilimwonyesha mwenzangu wa kazini, akasema ni safi.

Kisha ukaondoka, masika haya.

Kwenye matanga, Shangazi alisema laiti wangekusikia hata mara moja. Nikainuka. Ndiyo, Bibi, niliinuka kwa madaha, mjukuu msomi, nikatoa spika ndogo kwenye begi na kusema, "Bibi ninaye humu." Wanawake wakajipanga mkekani wakiielekea ile spika. Wazee kwa vijana, wakainama kidogo, viganja tayari, kama ulivyowazoeza wewe mwenyewe. Nikabonyeza.

"Chumvi imekwisha."

Mikono ikabaki hewani. Nikafungua ujumbe wa pili.

"Tochi uliyoleta haiwaki."

Wa tatu. "Mwambie fundi bati linavuja." Maneno yalifuatana bila pumzi, kavu, kama mtu anayedai.

"Rudisha nyuma," Shangazi akasema.

"Hakuna nyuma, Shangazi. Inaanzia hapo."

"Rudisha pale anaposalimu."

"Nilipatoa."

Akanitazama bila hasira, kwa kutaka kuelewa tu. "Ulipatoa ukapaweka wapi?"

Kazini wananiita kufafanua mambo kwa watu wasiojua kompyuta, na hapo nilishindwa kumfafanulia dada wa baba yangu. Mama mmoja jirani yako alishusha mikono yake mapajani akasema sauti ni yako, lakini wewe hukuwa unaongea hivyo na watu. Mwingine akasema labda ulikuwa umeanza kuumwa. Wakaanza kukutetea, Bibi. Mbele yangu walikuwa wanatafuta sababu ya wewe kukosa adabu, nami ndiye niliyekuvua adabu hiyo, na nilikaa kimya wakiendelea kutafuta.

Nilimwambia Shangazi ukweli baadaye, jikoni. Alisema sawa, akaendelea kukoroga ugali. Nimeandika haya hadharani kwa sababu ulivunjiwa heshima hadharani, na wale kina mama wanastahili kujua kwamba hukubadilika hadi mwisho.

Nimezitafuta salamu zile kila mahali ninapojua kutafuta, na kutafuta vitu vilivyofutwa ni sehemu ya kazi yangu. Hazipo. Naona aibu kufungua kompyuta, naona aibu hata kusalimiwa.

Mke wangu ni mjamzito. Mtoto akikua atauliza mama wa babu yake alikuwa mtu wa namna gani, nami nitafungua nilichonacho. Atamsikia bibi kizee anayetaka chumvi, anayetaka tochi, anayetaka fundi. Nitamwapia kwamba mtu huyu hakuwahi kuniomba kitu hata siku moja kabla hajaniuliza nimelalaje na kuningoja nijibu. Mtoto atanitazama, aiangalie na spika, na hatakuwa na sababu ya kuniamini mimi.

Pumzika, Bibi. Huko uliko, wakikusalimu, naomba wasikuharakishe.

Ni mimi mume wako mdogo,
mjukuu wako wa Bangwe